Saa yangu ya kwanza kuiunda inasimama usiku tu. Nimekosea wapi? (Na nyie mwageni makosa yenu ya mwanzo)

#1 MkonoMzito
Wakuu salaam.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda, leo nimeingia na kesi. Nimemaliza kuunda saa yangu ya kwanza: kasha la mtindo wa saa ya mzamiaji, mashine NH35 (inayojijaza ikivaliwa), daili (uso wa saa) mpya, mishale mipya. Kijiti cha krauni (kitufe cha ubavuni) nimekikata mwenyewe (cha kwanza nilikikata kifupi, kiko kwenye pipa la taka). Ikiwa wazi mezani ilitembea siku mbili bila neno. Nikaifunga, nikaivaa, mchana kutwa inakwenda vizuri. Nikiivua usiku na kuiweka mezani, asubuhi naikuta imelala. Usiku wa kwanza ilisimama saa nne na dakika 54. Wa pili saa nne na dakika 55. Wa tatu 54 tena. Naitikisa kidogo, inaondoka kama vile si yenyewe.

Nini kinaishika? Na wazoefu mkiwa mnapita, tupieni na nyie mliyoharibu mlipoanza, nisijione mjinga peke yangu.

#2 KibanoKumi
Mishale inagusana. Saa nne na dakika 54 ndipo mshale mrefu unapopanda juu ya mfupi. Fungua, unyanyue kidogo, funga uzi.

#3 Mzee wa Balansi
KibanoKumi una haraka kama kawaida yako. Katika saa 12 mishale hiyo miwili inapandana mara 11. Kama ni kugusana, mbona haikusimama saa mbili na dakika 43? Mbona haikusimama saa tatu na dakika 49? Imepita kote huko salama, halafu inakwama mahali palepale siku tatu mfululizo.

Hiyo ni tarehe. Muda huo gurudumu la tarehe limeshaanza kushika diski na kuisukuma, na mashine inabeba mzigo ambao mchana haina. Kama daili imekandamiza diski, au miguu ya daili haikukaa sawasawa, mzigo unazidi na saa inasalimu amri.

MkonoMzito, saa nne na dakika 54 ya ASUBUHI huwa inasimama?

#4 MkonoMzito
Haijawahi. Ila asubuhi saa hizo iko mkononi na nachapa kazi, mkono hautulii. Hata ingekwama nadhani ingejikwamua yenyewe.

#5 Mzee wa Balansi
Basi hujatusaidia kitu 😂

#6 KamaniImekatika
Nyote mmeruka swali la kwanza kabisa. Mkuu, unaitia ufunguo? NH35 ikijaa inatembea kama saa 41, lakini ijae kwanza. Mtu akishinda kwenye kiti, rota (kizito kinachozunguka ndani na kuijaza saa) haizunguki vya kutosha. Akivua usiku kamani (springi inayoendesha saa) iko robo, tarehe inaanza kudai nguvu, saa inazimika. Zungusha krauni mara 30 au 40 kabla ya kulala, uone.

Kosa langu la mwanzo linahusu kamani hiyohiyo. Nilifungua daraja la magurudumu bila kuilegeza kwanza. Nilishatoa balansi (gurudumu linalopiga tiki-taki), nikatoa uma (unaoyazuia magurudumu yasikimbie), na hapo ndipo ilipotokea: sauti fupi kama zipu inavutwa, magurudumu yote yakazunguka kwa kasi hata huoni meno. Sekunde moja tu. Nikashangilia, nikadhani ni jambo la kupendeza. Kumbe gurudumu la mwisho limekatika ncha yake, na ile ncha niliikuta siku ya pili imesimama wima kwenye tundu la jiwe (kito kinachoshika ncha) kama mwiba.

#7 BiSkrubu
Pole KamaniImekatika, sasa jina nimelielewa.

Mimi ni skrubu ya gurudumu la krauni kwenye saa ya zamani ya kutia ufunguo. Nikazungusha bisibisi kushoto kama skrubu zote duniani. Haitoki. Nikaongeza nguvu. Haitoki. Nikasema imeota kutu, nikaweka tone la mafuta, nikasubiri usiku kucha, nikarudi na nguvu zote. Kichwa kikaruka. Ndipo nikajua kwamba skrubu hiyo inafunguka kwa KULIA. Ile mistari mitatu juu ya kichwa nilidhani ni urembo.

#8 Gasketi
Nyongeza kwa BiSkrubu ili wapya wasikariri vibaya: si kila mashine ina skrubu ya namna hiyo, na si kila inayofunguka kwa kulia ina mistari mitatu. Ukiona inagoma, jaribu upande wa pili kwa mkono mwepesi kabla ya kuongeza nguvu.

#9 NusuFundi
Mimi naona kosa lako ni kurekebisha tarehe usiku, mkuu. Kuna muda wa hatari, usiguse tarehe kuanzia saa tisa usiku mpaka saa nne asubuhi, utavunja meno. Pia hizi mashine zinapiga mara 28,800 kwa saa, ni za kasi, hazitaki mchezo.

#10 Mzee wa Balansi
NusuFundi, jina limekukaa. Mambo mawili.

La kwanza, umesoma 9 na 4 kwenye karatasi ya maelekezo ukazibeba hivyohivyo. Ni kuanzia saa TATU usiku hadi saa KUMI alfajiri. Kwa ratiba yako mtu atabadilisha tarehe saa tano usiku akiwa na amani kabisa, na hapo ndipo meno yanapoliwa.

La pili, NH35 inapiga 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde. 28,800 ni ETA 2824-2 (mashine ya Uswisi) na wenzake, mara nane kwa sekunde.

#11 NusuFundi
Nimepokea yote mawili. Kumbe tarehe yangu ilikufa kwa sababu hiyo 😅

#12 Chembe
Mtu akiuliza makosa ya mwanzo, wa saa za betri tusisahaulike. Betri imegoma kutoka, nikaichokonoa kwa bisibisi. Bisibisi ikateleza nusu kidole, ikagusa koili (waya uliosokotwa unaosukuma mishale). Sikusikia kitu, sikuona kitu. Betri mpya nikaweka, kimya. Nikaweka nyingine, kimya. Nikatupa betri tatu nzima kabla ya kuweka lensi jichoni: waya mmoja wa koili, mwembamba kuliko unywele, umesimama peke yake kama ndevu ya panya. Ukikatika huo, saa imekwisha labda upate koili nyingine.

Siku hizi betri naitoa kwa kibano cha plastiki na koili inakaa upande wa mbali na mkono wangu.

Na zile za tarakimu, ukiona herufi AC karibu na betri, usifunge kifuniko kabla hujagusisha hapo na upande wa juu wa betri. Saa kadhaa wanasema zimekufa, kumbe zinangoja hilo tu.

#13 Gasketi
Turudi kwa mwenye uzi. Mishale yako ilikuwa ya mashine gani?

#14 MkonoMzito
Muuzaji aliandika inaingia mashine zote.

#15 Gasketi
Hakuna mishale ya mashine zote. NH35 inataka tundu la 1.50 kwa mshale wa saa, 0.90 kwa dakika na 0.20 kwa sekunde, zote milimita. ETA 2824 ni 1.50, 0.90 na 0.25. Umeona mtego? Miwili ya kwanza inaingia vizuri, unapata moyo, wa sekunde unakaa kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Haukazi. Ili usianguke unausukuma chini zaidi, na hapo unasugua kichwa cha mshale wa dakika.

#16 KibanoKumi
Sasa tumekubaliana kwamba mishale inagusana, ila mmechagua mwingine.

#17 Mzee wa Balansi
Hatujakubaliana. Wa sekunde unampita wa dakika karibu kila dakika. Kama unasugua, ingesimama wakati wowote, isingengoja saa nne na dakika 54.

#18 Gasketi
Sikusema unagusana nchani. Nasema unasugua katikati, unakula nguvu kidogo muda wote. Tarehe ikiongeza yake, mzigo unashinda. Hoja yangu na yako ni ndugu, mzee.

#19 MkonoMzito
Sasa hapa kuna kitu naona aibu kukisema. Zile siku mbili ilipotembea vizuri ikiwa wazi, mshale wa sekunde ulikuwa bado sijauweka. Niliuweka siku ya kufunga. Uliniruka mara mbili, wa tatu nikaubonyeza hadi nikasikia umeshika.

#20 KibanoKumi
😂😂😂 Na unatuambia leo, posti ya 19.

#21 BiSkrubu
Mwacheni, wote tulificha ushahidi wetu.

MkonoMzito, ulipoweka mshale wa saa uliupanga vipi?

#22 MkonoMzito
Nilizungusha krauni mpaka tarehe ikaruka, nikasimama hapohapo, nikauweka wa saa ukielekea 12, halafu wa dakika juu yake 12. Tarehe sasa inaruka saa sita na dakika tano hivi.

#23 BiSkrubu
Hapo uko salama. Saa yangu ya kwanza tarehe inaruka saa sita mchana mpaka leo, sijaigusa, nimeizoea.

#24 Mzee wa Balansi
Fanya jaribio hili ndipo tubishane kwa ushahidi. Jaza ufunguo mpaka mwisho. Zungusha mishale mbele saa 12, ili saa iamini mchana ni usiku na usiku ni mchana. Iweke mezani, uso juu, usiivae siku nzima wala usiiguse. Ikisimama saa nne na dakika 54 ya asubuhi, ambayo kwake ni usiku, hiyo ni tarehe. Ikipita asubuhi ikasimama usiku wakati tarehe imelala, KibanoKumi atanywa soda yangu. Ikisimama zote mbili (ya kwanza ukiitikisa iendelee), ni mishale.

#25 Sindano
Wakuu, hakuna aliyetaja sumaku? Bisibisi zangu zilikuwa zinaokota skrubu zenyewe, nikaona raha sana. Saa ikaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku.

#26 KamaniImekatika
Sindano, umejijibu. Sumaku mara nyingi inaifanya saa ikimbie, kwa sababu mizunguko ya springi ya balansi inanatana na springi inakuwa kama imefupishwa. Yake haikimbii, inalala. Ila ni kweli kwamba bisibisi inayookota skrubu ni adui aliyevaa sare ya rafiki. Sogeza saa karibu na dira ya simu, mshale wa dira ukicheza, ipitishe kwenye kifaa cha kuondoa sumaku.

#27 Mzee wa Balansi
Saa kukimbia imenikumbusha aibu yangu, na hii sijawahi kuiandika.

Saa ilikuwa inachelewa sekunde 20 hivi kwa siku. Nikasoma kwamba kuna kijimkono juu ya balansi, ukikisogeza kidogo saa inaongeza mwendo. Nikafungua, nikaona vijimkono VIWILI. Nikachagua kinachofikika kwa urahisi. Nikakisukuma kwa ncha ya kijiti, upana wa karatasi tu. Nikasikiliza: tiki... taki-tiki... taki. Saa inachechemea. Kumbe kile ni cha kusawazisha pigo la kwenda na la kurudi, hakihusiani na mwendo. Nikajaribu kukirudisha, nikapitiliza. Nikarudisha tena, nikapitiliza upande wa pili. Mkono ukatetemeka, ncha ikashuka kwenye springi yenyewe. Nimekaa nikiiangalia ile springi iliyokuwa duara safi ikiwa kama herufi S.

Balansi nzima nilinunua nyingine. Siku hizi sikigusi kijimkono hicho bila kifaa cha kupimia mapigo pembeni. Na kifaa chenyewe kiambie pembe sahihi (ya balansi inaposukumwa na uma), NH35 ni digrii 53. Ukiacha namba nyingine, mtupo wa balansi (inazunguka umbali gani) utakaousoma ni wa uongo.

#28 Chembe
"Nimekaa nikiiangalia." Mzee umeniumiza.

#29 NusuFundi
Swali la pembeni wakuu. Nina saa ya babu, daili imechakaa, ile rangi ya kung'aa gizani imegeuka kahawia na haing'ai tena. Nataka kuikwangua niweke mpya. Nitumie wembe au msasa laini?

#30 BiSkrubu
USIKWANGUE CHOCHOTE.

Kama ni ya kabla ya miaka ya 1960 kuna uwezekano mkubwa rangi hiyo ina radiamu. Kutong'aa si dalili kwamba imekwisha. Kilichochoka ni unga unaong'aa, radiamu yenyewe nusu ya uhai wake ni kama miaka 1,600. Vumbi lake ndilo hatari, ukilivuta au ukilimeza. Wasichana waliopaka daili hizo Marekani miaka ya 1920 walikuwa wanachonga ncha ya brashi kwa midomo, na wengi iliwaua. Iache ilivyo, usiifungue mezani unapolia chakula, mpe mwenye vifaa vya kupima.

#31 NusuFundi
Nimeweka wembe chini. Asante dada.

#32 Gasketi
Maadamu tuko kwenye hatari: nani humu alioshea uma kwa spiriti?

#33 KamaniImekatika
Mimi, miaka yote. Aisopropili, nachovya sekunde chache, natoa, nakausha. Haijawahi kunisaliti.

#34 Gasketi
Mimi niliuacha usiku mzima. Mawe mawili ya uma yanashikwa na shelaki (aina ya gundi), na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Asubuhi nikakuta jiwe moja limetoka nafasi yake, jingine liko chini ya chupa. Tangu hapo uma na balansi naviosha kwa benzini ya mafundi saa (si petroli ya gari), vingine ndiyo vinaonja spiriti.

#35 KamaniImekatika
Usiku mzima na sekunde chache ni vitu viwili tofauti, bosi.

#36 Gasketi
Sekunde chache za leo, simu ikiita zinakuwa dakika kumi. Sibishani, nasema tu nilichookota chini ya chupa.

#37 Chembe
Na mimi niulizeni kuhusu mafuta ya cherehani. Au msiniulize.

#38 KibanoKumi
Ulitia wapi?

#39 Chembe
Kila mahali. Mpaka kwenye meno ya magurudumu, nilitaka yateleze vizuri. Yakasambaa mpaka kwenye springi ya balansi, mizunguko ikanatana, saa ikakimbia kama imeiba. Ndiyo nikajifunza kwamba mafuta yanakaa kwenye ncha na mawe, tone unaloliona kwa lensi tu, na kila mahali na mafuta yake: mepesi kama 9010 ya Moebius kwa ncha zinazokwenda haraka, mazito kwa zinazobeba mzigo.

#40 MkonoMzito
Wakuu nimerudi na majibu ya jaribio.

Nilijaza ufunguo, nikazungusha mishale mbele saa 12, nikaiweka mezani uso juu, sikuigusa. Asubuhi saa nne na dakika 54 ikapita. Nilikuwa nimeiinamia na lensi, nimeshika pumzi. Mshale mrefu ukapanda juu ya mfupi, nikaona mwanga mwembamba katikati yao, ukapita. Tarehe ikaruka yenyewe saa sita mchana. Usiku saa nne na dakika 54 nikakaa tena. Ikapita.

Haikusimama kabisa.

#41 KamaniImekatika
Kwa sababu uliijaza ufunguo. Nilisema posti ya sita. Naomba risiti yangu.

#42 Mzee wa Balansi
Au kwa sababu uliizungusha mishale ukaisogeza, ikakaa vizuri zaidi. Jaribio moja si ushahidi.

#43 KibanoKumi
Mwanga mwembamba ukiangalia kutoka upande mmoja. Geuza saa, angalia kutoka 3, kisha kutoka 9. Na ulijaribu uso juu tu. Usiku ulikuwa ukiiweka vipi?

#44 MkonoMzito
Usiku huwa naisimamisha kwa ubavu, krauni juu.

#45 KibanoKumi
AAH.

#46 Gasketi
Huo nao ni mlango mpya. Kwa ubavu mtupo wa balansi ni mdogo kuliko ikiwa imelala, msuguano wa ncha unaongezeka. Saa yenye kamani robo na mshale unaosugua katikati, ukiisimamisha wima, umeipa kila sababu ya kulala.

#47 BiSkrubu
Na gurudumu linalobeba mshale wa saa lina nafasi ya kucheza juu na chini. Mashine nyingi zina washa (kipete) nyembamba ya kulikandamiza chini ya daili. Hiyo washa inanata kwenye daili ya zamani ukiitoa, na unaitupa nayo bila kujua. Kama yako ilikuwa nayo na haipo tena, gurudumu linapanda tarehe inapolisukuma, linaubeba mshale wa saa, na hapo ndipo unaugusa wa dakika. Hiyo ingeeleza kwa nini ni saa hizo tu na si mara zote 11.

#48 Mzee wa Balansi
BiSkrubu umeunganisha kambi zote mbili, sijui kama nikupongeze au nikuogope.

#49 MkonoMzito
Mashine ilikuja tupu, hakukuwa na daili ya zamani. Washa sikuona, ila siwezi kuapa kwamba haikuruka. Kuna springi ya mawe ya balansi (kinga ya mshtuko) iliniruka wiki ile, niliitafuta kwa kuweka tochi chini sakafuni ili kila chembe itoe kivuli, nikapata kucha, vumbi na skrubu ya miwani. Springi haikuonekana. Nilidhani ilikuwa ya akiba.

#50 Chembe
Springi ya mawe ya balansi haiwi ya akiba, mkuu.

#51 KamaniImekatika
Subiri. Uligusa mawe ya balansi kwenye mashine MPYA? Ulikuwa unatafuta nini huko?

#52 MkonoMzito
Nilitaka kuona inavyofunguka. Lakini hiyo ilikuwa mashine nyingine, ya mazoezi! Hii iko salama.

#53 KibanoKumi
Una uhakika hukuzichanganya mezani?

#54 MkonoMzito
...

Ngoja nifungue kifuniko niangalie.

#55 MkonoMzito
Springi inayoonekana kwa nyuma ipo. Nimepumua.

Ila nisikilizeni. Juzi na jana sikuivaa, niliiacha ubavuni, krauni juu, sikuitia ufunguo. Leo nimeikuta imesimama. Saa tatu na dakika 49.

#56 KibanoKumi
Dakika ambayo mzee aliitaja posti ya tatu. Mishale imepandana. Nasema tena, funga uzi.

#57 Mzee wa Balansi
Saa tatu ndipo gurudumu la tarehe linapoanza kushika. Mnaona mnachotaka kuona.

#58 KamaniImekatika
Siku mbili bila kuvaliwa, bila ufunguo, mashine ya saa 41. Ingesimama hata isingekuwa na mishale.

#59 BiSkrubu
MkonoMzito, kabla ya yote, toa huo mshale wa sekunde uuvalishe kwenye mashine ya mazoezi, uone kama unacheza. Na usiutoe kwa kibano kitupu, weka kipande cha plastiki laini juu ya daili, utaikwaruza. Mimi daili zangu mbili za kwanza zina mkwaruzo uleule, saa nane kasoro kidogo.

#60 Sindano
Na unapokitoa kijiti usibonyeze kidude cha kukiachia krauni ikiwa imevutwa mpaka hatua ya kurekebisha saa. Mimi nilifanya hivyo, ndani kikaruka kitu, krauni ikawa haivuti tena.

#61 MkonoMzito
Sindano, hili ungeliandika nusu saa iliyopita.